Muswada ukigusa taarifa zetu binafsi, Tume inaishauri Serikali saa ngapi?

#1 Zabibu Kavu

Salaam wakuu.

Nina stationery hapa mjini, si mbali na njia ya bungeni. Kamati zikianza kukaa, wateja wangu hubadilika: mawakili, watu wa asasi, mabenki, mitandao ya simu, kila mmoja ana kabrasha la maoni anataka litolewe nakala na kufungwa vizuri kabla hajaingia Ukumbi wa Msekwa. Natoa nakala, nasoma mawili matatu, naelimika bure.

Sasa swali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika Mei 2023. Tuna Tume yake, Rais aliizindua Aprili 2024. Na siku hizi ni muswada gani usiogusa taarifa za mtu? Bima ya afya, kodi, mikopo, vitambulisho, vyote vinataka jina, namba ya NIDA, simu, vingine hadi kidole. Tume inaiambia nini Serikali kabla muswada haujapita? Makabrasha ya kila aina yamepita mikononi mwangu, la Tume bado sijaliona.

Dai langu: muswada wowote unaokusanya taarifa za watu usisomwe mara ya pili bungeni, hatua ya kujadiliwa, mpaka maoni ya Tume yawekwe hadharani, tuyasome sote. Nipingeni.

#2 NkuhunguFinest

Mtu anasoma makabrasha ya wateja halafu anafungua uzi wa faragha. Tume ianze na hiyo stationery yako.

#3 Zabibu Kavu

@NkuhunguFinest hayo yanakwenda kusomwa mbele ya kamati na waandishi wa habari, si barua za mapenzi. Jibu hoja.

#4 Karanga za Moto

Nimekaa paleee.

#5 Wakili wa Makole

Mleta uzi, tuanze na maandishi. Sheria imeipa Tume kazi nyingi: kusajili wakusanyaji na wachakataji wa taarifa, kusimamia utekelezaji, kupokea na kuchunguza malalamiko, kutoa elimu, kufuatilia teknolojia, kushirikiana na wenzao wa nje. Na kuishauri Serikali imo. Ila ushauri uliotajwa ni kuhusu utekelezaji wa sheria hiyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba waziri akiandaa muswada lazima aupitishe Tume, wala kwamba Bunge lisubiri. Tume inaweza kushauri, lakini hakuna anayelazimika kuuomba huo ushauri. Dai lako si baya, halina tu kifungu cha kusimamia.

Ukitaka cha kusimamia panda juu, Katiba ibara ya 16. Inalinda mtu, maisha yake binafsi, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Ibara ndogo ya pili inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho haki hiyo inaweza kuingiliwa. Yaani kuingilia kunaruhusiwa, lakini kwa kipimo. Nani anapima ndiyo mada yenu.

#6 Karani Mstaafu

Shikamoo zenu nimezipokea ingawa hamjazitoa.

Nimetumikia Serikali tangu ofisi nyingi ziko Dar. Mleta uzi anatafuta ushauri wa Tume kwenye stationery. Hutaupata huko, mwanangu. Taasisi ya Serikali haichapi maoni yake mtaani ikaenda kupanga foleni Msekwa na asasi. Sera na sheria huanza na waraka, wizara nyingine zinaletewa zitoe maoni, makatibu wakuu wanakaa, waraka unakwenda Baraza la Mawaziri, ndipo Mwandishi Mkuu wa Sheria anaanza kazi. Tume iko chini ya wizara inayoshughulikia mawasiliano. Ikiwa na neno, inalisema kupitia huko, mapema, wakati rasimu bado ni laini. Muswada ukifika bungeni Serikali inakuwa na sauti moja. Kwa hiyo kutokuona kabrasha hakuna maana ya kwamba hakuna ushauri.

#7 binti_chamwino

Shikamoo mzee @Karani Mstaafu.

Ila hapo umemjibu mleta uzi kwa kumthibitishia. Kama ushauri unatolewa ndani na unabaki ndani, mimi mwananchi nitajuaje kwamba Tume ilisema "ondoeni kifungu hiki" na wizara ikakataa? Ulaya wameandika. Umoja wa Ulaya una msimamizi wa faragha wa taasisi zake, kwa kifupi EDPS. Kanuni yao ya 2018/1725, ibara ya 42: Tume ya Ulaya, ile inayoandaa mapendekezo ya sheria zao, ikishapitisha pendekezo la sheria linalogusa taarifa binafsi, lazima imwombe maoni. Ana wiki nane za kujibu kwa maandishi, na maoni yake yanawekwa wazi. Nchi wanachama nazo zimebanwa na GDPR, sheria yao kuu ya taarifa binafsi, ibara ya 36(4), kwamba wakiandaa sheria wanaongea na msimamizi wao. Uingereza imetoka kwenye Umoja lakini kifungu hicho imekibakiza.

Mfano ulio hai: 2022 lilitoka pendekezo la kupambana na picha za unyanyasaji wa watoto mtandaoni, ambalo lingelazimisha kampuni kuchungulia hata mazungumzo ya watu. Julai mwaka huohuo EDPS na bodi ya wasimamizi wenzake wakatoa maoni ya pamoja: lengo zuri, njia inazidi kiasi. Novemba 2023 Bunge la Ulaya lilipotoa msimamo wake, mawasiliano yaliyofungwa kwa usimbaji yaliachwa nje. Sisemi ni kwa sababu ya maoni yale peke yake. Lakini yalikuwa wazi, mbunge aliweza kuyasoma na mwananchi kuyataja.

#8 Mzee wa Kizota

Ulaya, Ulaya. Wiki nane sisi tunazipata wapi? Muswada ukija kwa hati ya dharura hata wiki mbili ni anasa. 2017 miswada ya rasilimali na madini iliingia hivyo, na wengi tulipiga makofi. Sasa nyie mnataka tusubiri muhuri wa faragha.

#9 Wakili wa Makole

Tusiende mbali basi @Mzee wa Kizota. Afrika Kusini, sheria yao ya taarifa binafsi, POPIA, kifungu cha 40. Msimamizi wao wa taarifa amepewa kazi ya kuchunguza sheria inayopendekezwa, hata kanuni ndogo na sera, pale anapoona inaweza kugusa ulinzi wa taarifa za watu, na kutoa ripoti. Hasubiri kuombwa. Ni Afrika, na ni wenzetu SADC. Tofauti na Ulaya ni kwamba huko Serikali ndiyo inalazimika kuuliza, kwa Afrika Kusini msimamizi ndiye mwenye mamlaka ya kujitokeza. Kwetu ningependa vyote viwili, ila nikiambiwa nichague kimoja nachukua cha Afrika Kusini, maana anayetakiwa kuuliza anaweza kusahau kuuliza.

#10 Fundi Simu Sabasaba

Mnaongea mambo ya juu sana. Nawaletea ya chini.

Kuna mama analeta simu kwangu, muuza mboga. Alichukua mkopo wa kwenye simu, ile kausha damu ya mtandaoni. Programu ilipoomba ruhusa ya kusoma majina ya kwenye simu alibonyeza kubali, nani hakubali? Siku ya kulipa ikapita. Meseji zikaenda kwa mchungaji, kwa mkwe, kwa mwalimu wa mtoto, hadi kwa mteja aliyemnunuliaga mchicha zamani, zote na picha yake na neno TAPELI. Alikuja kwangu akaniambia "futa simu yote". Nikamwambia mama, majina yameshatoka, hata nikiivunja kwa nyundo hayarudi.

Sasa hao wakopeshaji sheria gani iliwapa ujasiri huo? Na Tume ilikuwa wapi?

#11 Dada Wakala

@Fundi pole kwa huyo mama. Ila wale hawakupewa ujasiri na sheria, wengi hawakuwa hata na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni na kuzifungia. Ona aliyechukua hatua: Benki Kuu. Upande wa taarifa binafsi adhabu zipo pia. Kampuni inayotoa taarifa za mtu kinyume cha sheria faini inaanzia milioni moja hadi bilioni tano, mtu binafsi laki moja hadi milioni ishirini au jela hadi miaka kumi. Kwa hiyo tatizo si muswada, tatizo ni nani anakimbilia wapi. Ukiuliza mtaani malalamiko ya namna hii yanapelekwa wapi, watakutajia polisi, TCRA, mwenyekiti wa mtaa. Tume wanaitaja wachache.

Na sisi mawakala tujitazame. Daftari la miamala liko wazi kaunta, jina, simu, kiasi. Mteja wangu mmoja alianza kutongozwa na mtu aliyesoma namba yake kwenye daftari akisubiri chenji. Tangu hapo nalifunika.

#12 NkuhunguFinest

Chenji alipata lakini?

#13 Mpwapwa Kwetu

Mnaongelea daftari la wakala, nyumba za wageni je? Nimefanya kazi gesti moja hapa mjini. Kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, sahihi. Kabila la nini kwenye kitanda cha usiku mmoja? Na kitabu kiko mapokezi, mgeni wa pili anasoma wa kwanza. Mume wa mtu anapekua kama gazeti. Nyumba zilianguka kwa kitabu kile. Polisi wakija wanakitaka, sawa, hilo lina sababu zake za usalama. Lakini sijaona wa kukaa chini akasema: jina na kitambulisho vinatosha, kabila futeni.

#14 Mzee wa Kizota

Nyumba zilianguka kwa kitabu au kwa aliyeandikwa kwenye kitabu?

#15 Karanga za Moto

😂😂 Mzee kamaliza.

#16 Chigogo Original

Mbukwenyi wandugu. Bunge la Bajeti likianza hicho kitabu kinajaa mpaka vitanda vya ziada. Chumba cha elfu ishirini unaambiwa hamsini, na kabila unaandika.

Turudi. Mimi napinga uzi kwa jambo moja. Faragha si kila kitu. Kijijini kwetu majina ya kaya za TASAF yanasomwa kwenye mkutano wa kijiji, wote wanasikia nani maskini. Inauma, ndiyo. Lakini ndiyo njia ya kumkamata mwenye ng'ombe arobaini aliyejiandikisha maskini. Tume ikiletwa kushauri kila sheria, itasema majina yasisomwe. Atakayefurahi ni mwenye ng'ombe.

#17 binti_chamwino

@Chigogo Original mbukwa. Hoja yako nzuri kuliko zote hadi sasa, ila umemsingizia mshauri. Mshauri wa faragha mwenye akili hasemi "msisome". Anauliza: lengo ni nini, na kuna njia nyepesi zaidi ya kulifikia? Kusoma majina mbele ya wanakijiji wanaofahamiana kunaweza kuwa sawa kabisa. Kuweka orodha hiyohiyo na namba za simu kwenye kundi la WhatsApp la kata ni jambo jingine. Orodha ni moja, madhara mawili. Hiyo ndiyo kazi ya ushauri, kuligawa jambo kabla halijawa sheria.

#18 Chigogo Original

Kwenye kundi la WhatsApp zimeshawekwa, dada.

#19 Mtumba Express

Jirani zetu Kenya walijifunza kwa gharama. Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho: Serikali ikasajili watu mamilioni kwanza, faragha baadaye. Mahakama ikaifuta 2020.

#20 Wakili wa Makole

@Mtumba Express hapana, umeunganisha hukumu mbili. Januari 2020 majaji watatu waliruhusu iendelee kwa masharti, kwamba pawe na mfumo kamili wa kisheria wa kuilinda, na wakazuia ukusanyaji wa vinasaba na mahali mtu alipo kwa GPS. Oktoba 2021 ndipo Jaji Ngaah alipobatilisha utoaji wa kadi, kwa sababu Serikali haikufanya tathmini ya athari kwa taarifa za watu kama sheria yao ya 2019 inavyotaka. Serikali ilijitetea kwamba usajili ulianza kabla ya sheria hiyo. Jaji hakukubali.

#21 Mtumba Express

Haya, 2021. Hoja iko palepale: tathmini ingefanywa mwanzoni, ile pesa isingepotea.

#22 Karani Mstaafu

Tathmini ikifanywa mwanzoni na waziri akaipuuza, je? Mnaongea kana kwamba ushauri ni amri. Hata huko Ulaya anakosifia binti yangu, maoni hayafungi mikono ya mtu.

Tena niwaambie kitu cha ofisini. Mshauri anayejua kila sentensi yake itakuwa gazetini kesho, anaandika sentensi za gazetini. Ataandika "tunapongeza juhudi za Serikali" kurasa mbili, kisha pendekezo moja dogo mkiani. Akiandika kwa siri anaandika "kifungu cha 14 ni hatari, ondoeni". Nimeona aina zote mbili kwenye mafaili. Na Mkurugenzi Mkuu wa Tume ni mteule wa Rais, msimsukume jukwaani mkamwacha huko.

#23 Zabibu Kavu

Mzee, hapo umetoa sababu ya kumpa ulinzi zaidi, si ya kumficha. CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, naye anateuliwa na Rais, na ripoti yake inawekwa mezani bungeni kila mwaka, tunachambuana nayo hadi kwenye daladala. Katiba ndiyo iliyomwekea njia. Tume ipewe njia yake.

#24 Karani Mstaafu

CAG anakagua yaliyopita. Wewe unataka mtu wa kumwambia mkubwa kabla hajatenda. Ni kazi mbili tofauti kabisa, hiyo ya pili ndiyo inayofukuzisha watu.

#25 Makulu Mjini

Ninawasoma tangu jana, wote mnatazama mlango wa mbele. Mambo mengi ya taarifa zetu hayapiti kwenye muswada. Chukueni usajili wa laini. Sharti la kusajili liko kwenye sheria ya mawasiliano ya 2010. Alama za vidole zilikuja baadaye kabisa, kwa maelekezo na kisha kanuni za 2020. Mnakumbuka foleni za Januari 2020, kabla laini hazijafungwa tarehe 20? Watu walilala nje ya ofisi za NIDA. Nani kati yenu alisikia mjadala wa bungeni kuhusu kidole? Kanuni anatunga waziri, zinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, zinaanza kazi. Kamati ya Sheria Ndogo inazipitia baadaye, zikiwa zimeshatumika. Kwa hiyo Tume ikishauri miswada tu mmeacha mlango wa nyuma wazi. Afrika Kusini ya @Wakili wa Makole imetaja hadi kanuni ndogo, hapo ndipo walipotuzidi.

#26 Wakili wa Makole

@Makulu Mjini hapo sina cha kuongeza ila mfano wa mlango wa mbele ulioachwa wazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32: kwa upelelezi wa jinai, mkuu wa kituo cha polisi au afisa wa ngazi hiyo anaweza kumwamuru mtu mwenye data aitoe. Kwa amri yake, si ya hakimu. Mwaka 2015 Tume haikuwepo. Leo ingekuwepo mezani wakati wa kuandika, ningetegemea swali dogo tu: kwa nini si hakimu?

Na msisahau kwamba hata sheria ya faragha yenyewe haikutoka safi. Tito Magoti, mwanasheria wa haki za binadamu, aliipeleka Mahakama Kuu Dar es Salaam. Mei 2024 mahakama ikasema vifungu vya 22(3) na 23(3)(c) na (e) vina utata na upana unaokinzana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Sheria ya kulinda faragha imerudishwa na mahakama kwa ajili ya faragha! Ushauri wa wakati wa kuandika ungekuwa rahisi kuliko kesi.

#27 Mzee wa Kizota

Wakili unasahau misamaha iliyomo. Usalama wa taifa, kuzuia uhalifu, ukwepaji wa kodi, upekuzi wa mtu kabla hajateuliwa. Miswada mnayoiogopa yote itaingia kupitia misamaha hiyo. Tume itaandika maoni yenu mazuri, na wizara itajibu kwa maneno mawili, "usalama wa taifa". Uzi umefungwa.

#28 binti_chamwino

Ndiyo maana maoni yawe wazi mzee. Wizara ikijibu hivyo kwenye muswada wa bima ya afya, watu wacheke.

#29 Dada Wakala

Mimi bado niko kwenye uchanga wa Tume. Imeanza juzi, ikaanza na usajili wa kila taasisi nchini, muda wa mwisho ukawa Desemba 2024, ukasogezwa hadi Aprili 2025. Mashule, hospitali, saccos, hoteli, wote hao. Mnataka watu haohao wasome na kila muswada na kila kanuni? Waongezeeni wanasheria kwanza.

#30 Makulu Mjini

Bajeti ya kuwaongezea inapitishwa na Bunge hilohilo. Tumezunguka.

#31 Fundi Simu Sabasaba

Swali la kijinga. Mimi fundi, si wadau. Muswada ukiwa kwenye kamati naweza kusema yangu? Au ni ya wenye suti wa kutoka Dar tu?

#32 Wakili wa Makole

Unaweza. Kamati ikiita wadau tangazo linatoka, miswada inawekwa kwenye tovuti ya Bunge. Kama huwezi kuingia ukumbini, andika barua kwa Katibu wa Bunge, taja muswada, taja kifungu, eleza kilichompata huyo mama bila kumtaja jina. Kiswahili kinatosha kabisa.

#33 Fundi Simu Sabasaba

Barua ya mtu mmoja inasomwa?

#34 Karani Mstaafu

Ikipokelewa inapigwa muhuri, inapewa namba ya masjala. Ikishapata namba inakuwa na mwenyewe. Usiondoke bila namba.

#35 NkuhunguFinest

Mzee, barua yangu ya kiwanja nayo ina namba. Namba nzuri tu, haina tatizo.